Kesi Tuliyoshinda Nakuru

Nikiwaambia watu kwamba niliwahi kushinda kesi mbele ya Mzungu, hucheka. Wajukuu wangu ndio wabaya zaidi. "Nyanya, wewe? Bila kusoma?" Ndiyo, mimi. Bila kusoma, bila viatu, na kifua kikinivuja maziwa mbele ya wanaume. Nilishinda, na karatasi ya ushindi nilipewa mkononi. Sijawahi kuwaambia kilichotokea baadaye.

Ilikuwa miaka ile ya Emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau. Wakikuyu walikuwa wametolewa kwenye mashamba ya Wazungu, wakapakiwa malori na kurudishwa makwao, na mashamba ya Mau yakabaki na mazao lakini bila mikono ya kuyavuna. Basi wakaanza kuja watu kwetu, upande wa nyuma ya Kakamega, kutafuta mikono. Aliyekuja sokoni kwetu alivaa kofia ya kaki na viatu vya kung'aa, na alikuwa mtu wa maneno matamu, ya kumtoa nyoka pangoni. Alisema kuna kazi ya mwezi mmoja. Kuchuma maua.

Maua! Tulicheka, mimi na dada yangu. Nani amewahi kusikia mtu akilishwa kwa kuchuma maua? Lakini mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minane, wa kike, na baba yake alikuwa ameenda Kampala akanyamaza kimya kama aliyemezwa na ardhi. Dada yangu alikuwa mjane. Alinipita miaka kumi, alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, na Mungu hakumpa mtoto wake mwenyewe. Alisema, "Mwezi mmoja si kitu. Mama atamlea mtoto kwa uji. Tutarudi." Nilimkubali. Dada akisema jambo, mimi nilikuwa sina neno la pili.

Tulitia dole juu ya boneti ya lori, palepale sokoni, injini ikinguruma. Yule mtu mwenyewe alishika kidole changu akakibonyeza kwenye wino, halafu kwenye karatasi, haraka haraka, kama mtu anayepiga mihuri ya posta. Hakuna aliyetusomea kitu. Na sisi hatukuuliza, maana mtu anayekupa kazi humwulizi maswali mengi asije akaghairi.

Maua yenyewe yalikuwa pareto, yale ya kutengeneza dawa ya wadudu, na shamba lilikuwa Mau Narok. Jamani, baridi ile! Sisi tulitoka kwenye joto, na leso mbili kila mmoja. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu na tulipita ndani yake miguu mitupu. Tulichuma vichwa vya maua kwa vidole, mpaka kikapu kijae, na maji ya yale maua yaliwasha ngozi hadi ikachubuka. Tulilala wanawake wanane katika kibanda kimoja kwenye laini ya wafanyakazi, na moshi ukatufanya wote tukohoe.

Mwezi ulipoisha tulifunga vitu vyetu, tukaenda kwa nyapara kumuaga. Alituangalia akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mnaenda wapi? Nyinyi mmetia dole tikiti kumi na mbili."

Tikiti moja ilikuwa siku thelathini za kazi. Siku ya mvua haikuandikwa. Siku ya kuumwa haikuandikwa. Siku ambayo kikapu hakikujaa, hata kama ulichuma kutoka alfajiri, haikuandikwa. Sisi tulikuwa tumekaa mwezi mzima na tikiti yetu ya kwanza haijafika nusu. Mwanamke mmoja wa pale kibandani alikuwa na mwaka wa pili na bado alidaiwa siku.

"Basi tutaondoka wenyewe," dada akasema.

"Ondokeni," nyapara akasema. "Karatasi yenu ninayo mimi. Barabarani bila karatasi, siku hizi, askari atauliza kama mnawapelekea watu wa msituni chakula. Na mkirudishwa hapa, ni jela kwanza kwa utoro, halafu tikiti zenu zinaendelea palepale zilipoachia."

Mimi nilikaa chini. Nilikuwa namfikiria mtoto wangu na mwaka mzima, na zaidi ya mwaka, na kifua changu kilikuwa kimejaa kikiniuma kama jipu.

Dada ndiye aliyeniokoa na wazimu. Kila asubuhi na kila jioni alichemsha maji katika mkebe, akanikanda kwa kitambaa cha moto, akanilazimisha kukamua. "Kamua," ananiambia. "Yakikauka utarudi na nini? Utamnyonyesha mtoto mikono yako?" Nami nakamua maziwa ya mwanangu kwenye udongo wa mtu mwingine huku nalia. Wenzetu walikuwa wanageuza nyuso. Mmoja aliniambia niache tu yakauke, nitapona haraka. Dada alimtukana tusi ambalo siwezi kulitamka hapa.

Mwezi wetu wa tatu pale likaja lori lingine la watu kutoka kwetu. Ndani yake kulikuwa na mama mmoja wa jirani. Aliponiona hakunisalimia. Alinishika bega akasema, "Mtoto wako anakataa uji. Anaharisha. Mama yako amenituma nikuambie uje, kama unamtaka."

Kama unamtaka. Hayo maneno mama yangu aliyatuma kwa uchungu tu, alidhani nimejisahau kwenye mashamba ya watu. Sikula siku hiyo wala ya pili yake.

Nafasi ilipatikana Jumatatu moja. Nyapara alichagua wanawake wanne wa kwenda na lori la maua makavu kushusha magunia Nakuru, karibu na reli, na dada akajisukuma mbele akanivuta na mimi. Tulishusha magunia mpaka yakabaki matatu. Kisha dada akasema tunaenda haja. Tukaenda haja, na hatukurudi. Hatukukimbia, maana anayekimbia ndiye anayefukuzwa. Tulitembea tu kama watu wenye shughuli zao, mpaka tukajikuta mtaa wa Bondeni.

Pale kulikuwa na mama wa Kiislamu akikaanga mahamri mlangoni kwake. Watu wake walikuwa wa asili ya pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka mimi nilikuwa naona haya kufungua mdomo. Aliangalia vidole vyetu vilivyochubuka. Aliangalia kifua changu, nguo imelowa.

"Mwanangu, unanyonyesha?" akaniuliza. "Na mtoto yuko wapi?"

Nililia pale mlangoni kwa watu mpaka nikaona aibu. Alituingiza ndani, akatupa chai na mahamri, akasikiliza yote. Tulipomaliza tulimwomba atufiche. Akakataa katakata.

"Nikiwaficha, nyinyi ni watoro. Mkienda wenyewe kwa Bwana Leba, yule Mzungu wa serikali wa mambo ya wafanyakazi, kabla hajaletewa habari zenu, nyinyi ni wenye mashtaka. Mumewe dada yangu alikwenda pale, akarudishwa kwao kwa nauli ya tajiri aliyemwajiri. Ipo sheria. Sheria ni yao, lakini ipo."

Mimi sikujua kwamba kuna sheria yenye upande wetu. Nilidhani sheria ni ile ya askari na pingu tu. Asubuhi yake alitupeleka mwenyewe mpaka kwenye baraza la ofisi ya Bwana Leba, akatukalisha kwenye benchi, akaenda zake kukaanga mahamri. Sijui mwanamke yule alipata thawabu gani kwa Mungu, lakini naomba iwe kubwa.

Bwana Leba alikuwa kijana, pua imeungua na jua. Aliuliza tumetoka shamba gani, akaagiza nyapara aitwe na aje na karatasi zetu, na akatuambia turudi siku ya pili. Tulilala kwa yule mama. Siku ya pili tulimkuta nyapara tayari yuko barazani, amevaa koti, hatutazami.

Ndani tulisimama watatu mbele ya meza. Kulikuwa na karani mkalimani, mtu mzima mwenye miwani, aliyejua lugha yetu vizuri. Alianza na mimi.

"Mama, una shauri gani? Sema yote, Bwana anaandika."

Nikasema. Sijui nilipata wapi ulimi. Nilisema juu ya mwezi mmoja na tikiti kumi na mbili, juu ya mtoto anayeharisha, juu ya jela tuliyotishiwa. Yule kijana akawa anauliza mambo madogo madogo ambayo mimi niliona hayana maana. Dole ulitia wapi? Juu ya boneti. Palikuwa na ofisa? Hapana. Kuna aliyekusomea kwa lugha yako? Hapana. Akachukua karatasi yenye dole langu, akaiangalia pande zote mbili, akamwonyesha nyapara kitu, na nyapara akatazama viatu vyake. Halafu Bwana akapiga mstari mrefu juu ya karatasi, kona hadi kona.

Karani akanigeukia. "Bwana anasema karatasi yako imefutwa. Utapewa waranti ya gari la moshi urudi kwenu, na shamba ndilo litalipa."

Haki ya Mungu, nilitaka kulala kifudifudi pale kwenye sakafu! Nilimshika dada mkono. Alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anamtazama nyapara, ambaye sasa uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira. Akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa lugha yetu:

"Na huyu anarudi na nini?"

Sikuona kwamba ni swali.

Karani akamgeukia yeye. "Na wewe mama, una shauri gani?"

"Sina shauri," dada akasema.

Karani akadhani hakusikia. Akauliza tena, polepole. Dada akanyoosha mgongo. "Sina shauri. Nilikuja na mdogo wangu kumsindikiza. Kazi ile naipenda. Nitairudia mpaka iishe."

Nikapiga kelele. "Dada, una wazimu? Bwana, anadanganya! Anadanganya, amelishwa kitu!" Bwana akainua mkono ninyamaze. Karani akaniambia, "Mama, kila mtu hapa husema kwa mdomo wake. Wewe umeshasema wako." Akamuuliza dada mara ya tatu, Bwana mwenyewe akiwa ameweka kalamu chini: umetishwa na mtu? Hapana. Umelazimishwa? Hapana. Unataka kurudi shambani kwa hiari yako? Ndiyo.

Basi ikatolewa karatasi mpya. Karani akaisoma yote kwa lugha yetu, neno kwa neno, tikiti kumi na mbili, shamba fulani, kazi ya kuchuma pareto. Dada alikuwa anaitikia kwa kichwa kila aya kama mtu aliye kanisani. Akatia dole. Bwana akatia sahihi yake kando ya lile dole. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ushindi wangu na sikuelewa hata kitu kimoja.

Nje, nyapara alikwenda kuwasha lori. Nikamshika dada kwa nguo, nikamtikisa. Nilimwita mjinga. Nilimwita dada yangu mjinga, mbele ya watu, na sijapata nafasi ya kulitoa hilo neno tena mahali lilipoingia.

Hakukasirika. Alinirekebisha leso begani.

"Wewe ndiye mjinga. Umeona wapi kesi inaisha upande mmoja unaondoka na yote? Mzungu amekupa haki yako. Amewanyang'anya watu wa shamba. Sasa wao wangerudi mikono mitupu? Kesi ya namna hiyo haifi. Itakufuata mpaka nyumbani, na nyumbani kuna nani? Kuna mtoto anayeharisha. Nimewaachia mmoja. Mimi sina anayeninyonya. Nenda."

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu alikuwa anasema kweli ya kwetu. Kwa wazee wa mtaa wetu hakuna kesi iliyoisha hivyo. Baba alipowahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba, alimwachia aliyeshindwa jembe lake zuri, na bado mama alitoa kuku. Mtu hatoki barazani mikono mitupu, hata mwizi. Akitoka mitupu, kesi inabaki na njaa, na njaa yake inatafuta aliye mdogo zaidi katika nyumba ya mshindi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa wote wawili. Dada alikuwa ametazama pande zote za chumba kile akitafuta kitu cha kuacha, na hakuona kitu chetu chochote isipokuwa yeye.

Lori likaondoka. Alikuwa amekaa nyuma, juu ya magunia matupu, na hakupunga mkono.

Nikarudi ndani kuchukua waranti. Karani alikuwa anaiandika. Aliandika kidogo, akaacha, akavua miwani.

"Yule ni nani wako?"

"Dada yangu. Tumbo moja."

"Mbona amefanya vile?" Alikuwa ameudhika kweli, nilimwona. "Karatasi yenu ya kwanza ilikuwa si kitu, mama. Dole la sokoni bila ofisa halimfungi mtu. Yule aliyewachukua hakuwa hata na ruhusa ya kuchukua watu. Angesema neno moja tu kama lako, ningekuwa naandika waranti mbili sasa hivi. Nilishazitoa mbili." Akanionyesha. Kweli, zilikuwa mbili, moja haijaandikwa.

"Bila kuacha kitu?" nikauliza.

"Kuacha kitu gani?"

"Kwa watu wa shamba. Hatukupaswa kuwaachia kitu?"

Alikuwa mtu wa kwetu, nadhani ndipo alipoelewa. Akaweka mkono mdomoni.

Nilimwambia amwite Bwana. Nilipiga magoti, nilimshika Bwana miguu, maana heshima ilikuwa imeshaniisha. Nilisema dada yangu hakujua, amekosea, lori halijafika hata Njoro, tuma mtu. Karani alitafsiri yote. Yule kijana alikuwa na huruma, siwezi kumsingizia. Lakini alisema karatasi ya leo si ya boneti. Imesomwa, imeeleweka, imetiwa dole mbele yake, na yeye mwenyewe ameitia sahihi. Sasa ndiyo ina nguvu. Akija dada mwenyewe kulalamika, atamsikiliza. Mimi siwezi kulalamika kwa ajili yake.

Kumbe ile karatasi ya mwongo wa sokoni ndiyo iliyokuwa mlango wazi, na dada yangu alikuwa ameufunga kwa dole lake mwenyewe, akidhani anaushikilia wazi mimi nipite!

Sasa nifanye nini? Nirudi Mau Narok nikamwambie? Langoni wangenishika. Nikae Nakuru ningoje lori jingine la magunia? Jumatatu ipi? Na mtoto? Nilikaa stesheni na waranti mkononi tangu saa nne mpaka gari la moshi la kwenda Kisumu lilipoingia, na kila nilipoamua kubaki kifua kilinijaa, na kila nilipoamua kwenda nilimwona dada juu ya magunia. Nikapanda. Nilimwacha dada yangu nikapanda gari la moshi. Nimeshaambiwa na padri kwamba si dhambi, lakini padri hakuwepo stesheni.

Mtoto nilimkuta hai, mifupa mitupu. Hakunijua. Alilia akamng'ang'ania mama yangu. Siku mbili alinikataa, siku ya tatu akashika ziwa, akanyonya mpaka akalala nalo mdomoni. Kuhara kuliisha. Mama akauliza, "Na mkubwa wako yuko wapi?" Nikasema anamalizia kazi.

Mwalimu wa shule aliniandikia barua mbili kwenda kwa dada, kupitia shambani. Hazikujibiwa. Dada alikuja mwenyewe baada ya mwaka na miezi mitano, kwa miguu kutoka kituo cha basi, na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjuki. Nilipomwona njiani nilikimbia, nikiwa nimepanga maneno yote: kwamba haikuhitajika, kwamba waranti zilikuwa mbili, anisamehe kwa kutomfuata.

Lakini yeye alikuwa anamtazama mtoto. Binti alikuwa anatembea sasa, mnene, anakula muhogo. Dada alipiga magoti barabarani, akamgusa mashavu, akacheka na kukohoa pamoja. "Mnaona?" akawaambia wanawake waliotoka kuangalia. "Kesi haikumfuata! Niliwaachia nafsi yangu, ikashiba!"

Ningemwambia vipi? Nyinyi niambieni.

Aliisimulia hadithi ile kwa miaka yote aliyobaki nayo. Kwenye harusi, kwenye matanga, kwa binti yangu mwenyewe, ambaye alimwita mama mkubwa na kumkatia nyama kwa kuwa vidole vyake havikuweza. Aliisimulia kwa fahari, na mimi nilikuwa ninaleta chai na kuondoka. Alikuwa mtu asiye na mtoto, asiye na mume, asiye na shamba, na kitu kimoja alichokuwa nacho duniani ni kwamba siku moja, Nakuru, alimnunua mtoto wa mdogo wake kwa mwili wake.

Siku zake za mwisho kifua kilikuwa kimeziba, akawa anasema maneno mawili, anapumzika. Nilikuwa nimemwegemeza kwangu. Akaniuliza, "Wewe ulibaki ndani na karani. Alisema nilifanya vizuri?"

Nikamwambia, "Ndiyo, dada. Alisema bila wewe tusingeshinda."